Kuku Kwenye Bustani ya Kukodi Uingereza: Namna ya Kufuga Bila Kukosana na Kamati

Ukikodi kipande cha bustani Uingereza, ile ambayo wenyeji huiita alotimenti, wazo la kuku litakujia mapema. Una ardhi, una majani mengi, na mayai ya dukani hayakuridhishi. Lakini kipande chako kiko katikati ya vipande vya watu wengine. Yupo mzee aliyelima pale tangu ujana wake, yupo mama anayeogopa panya, ipo kamati yenye kanuni zake, na nyuma ya kamati ipo halmashauri. Ukileta kuku kabla ya kujua unasimama wapi, utajifunza sheria katikati ya ugomvi, na huo si wakati mzuri wa kujifunza.

Mwongozo huu ni wa England na Wales. Uskoti na Ireland Kaskazini zina sheria zake.

Jua kwanza ardhi ni ya nani

Kwa macho viwanja vyote hufanana, ila kisheria viko tofauti. Kuna ardhi ambayo halmashauri iliinunua au kuitenga rasmi kwa ajili ya bustani. Chini ya sheria ya mwaka 1925, halmashauri haiwezi kuiuza ardhi hiyo wala kuigeuza matumizi bila idhini ya waziri. Kuna ardhi ya halmashauri inayolimwa kwa muda tu, ikingoja kazi nyingine. Kuna pia ardhi ya watu binafsi: kanisa, kampuni, mwenye shamba. Mara nyingi mwenye ardhi hukodisha uwanja mzima kwa chama cha wakulima, na chama ndicho kinachogawa vipande na kukusanya kodi.

Omba karatasi tatu: mkataba wako, kanuni za uwanja, na mkataba kati ya chama na mwenye ardhi. Kwenye kila moja tafuta vipengele vinavyohusu mifugo, majengo, biashara na notisi. Watu wengi hugombana juu ya kanuni ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuisoma.

Sheria inakupa nini, na inakunyima nini

Nguzo yako ni kifungu cha 12 cha Sheria ya Bustani za Kukodi ya mwaka 1950. Ilipitishwa wakati mayai bado yanauzwa kwa mgao nchini Uingereza. Mgao huo uliisha mwaka 1953. Kifungu kinasema kwamba mtu anayeishika ardhi anaweza kufuga kuku majike au sungura juu yake, na kujenga banda linalohitajika kwa kiasi cha kuridhisha, hata kama mkataba wake unakataza. Kwa hiyo mwenyekiti akikuambia "katiba yetu hairuhusu kuku kabisa", neno lake si la mwisho.

Lakini kifungu hichohicho kina mipaka, na ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Kuku wasiwe wa biashara. Wasihatarishe afya wala kuwa kero. Sheria inataja majike, kwa hiyo jogoo hana ulinzi wowote. Sheria nyingine zote, za mipango miji, za ustawi wa wanyama, za magonjwa, zinabaki palepale.

Yapo pia mambo ambayo kifungu hakikuyapima. Hakisemi kuku wangapi. Hakisemi banda "la kuridhisha" lina mita ngapi. Hakisemi kama kamati inaweza kukutaka uombe ruhusa kwanza. Halmashauri nyingi huziba mapengo hayo kwa masharti yao wenyewe: idadi fulani, ukubwa fulani, umbali fulani kutoka mpakani. Ukipinga sharti kama hilo utakuwa unabishania maneno ambayo kila upande una namna yake ya kuyasoma. Likiwa sharti la busara, likubali, hata kama unadhani ungeshinda.

Kumbuka pia sheria ya mwaka 1922, inayoieleza bustani ya kukodi kuwa ni ardhi inayolimwa yote au sehemu yake kubwa na mpangaji, kwa mboga au matunda ya kula yeye na familia yake. Kuku wakila kipande kizima na sukuma wiki ikabaki mstari mmoja, umewapa sababu ya kukuondoa isiyohusiana na kuku hata kidogo.

Kisha lipo jambo ambalo wafugaji wengi hulisahau: kifungu cha 12 kinawalinda kuku wako, hakikulindi wewe na notisi. Mwenye ardhi anaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya miezi 12, mradi muda wake uishie tarehe 6 Aprili au kabla, au tarehe 29 Septemba au baada ya hapo. Kwenye viwanja vya halmashauri, sheria ya mwaka 1908 inaruhusu notisi ya mwezi mmoja kodi ikichelewa siku 40, au ukivunja kanuni baada ya miezi mitatu ya kwanza. Notisi iliyojengwa juu ya marufuku ya kuku peke yake una hoja ya kuipinga. Iliyojengwa juu ya magugu, takataka au kodi, huna. Ndiyo maana mfugaji mwenye akili hulipa kodi mapema na kupalilia njia yake kabla ya kuagiza mbao za banda.

Andika kabla ya kujenga

Zungumza kwanza na majirani wa pande zote za kipande chako, ana kwa ana, kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine. Waulize wanachohofia. Wengi watataja panya, harufu au kelele, na yote matatu yana majibu. Hofu ya jirani ukiijua mapema unaweza kuijengea banda.

Kisha mwandikie katibu. Barua yenyewe iwe ya Kiingereza, lakini ibebe mambo haya:

*"Ndugu Katibu, ninakusudia kuweka kuku majike watatu, bila jogoo, kwenye kipande changu kuanzia mwezi wa Aprili. Banda litakuwa la mbao, mita 1 kwa 1.2, limeinuliwa kutoka chini, pamoja na uzio wenye paa wa mita 2 kwa 3. Chakula kitakaa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na hakitaachwa nje usiku. Kuku watasajiliwa kama sheria inavyotaka. Nimezungumza na majirani wa pande zote mbili. Naambatisha mchoro. Kama kamati ina masharti, naomba niyapate kwa maandishi kabla ya kuanza ujenzi."*

Angalia barua haikutaja sheria ya 1950 hata mara moja. Hiyo iweke akiba. Kamati ya wakulima wa kujitolea ikifungua barua na kukuta kifungu cha sheria aya ya kwanza, inajihisi imeshtakiwa kabla haijakataa. Kama mkataba wako unadai ruhusa, iombe. Kuomba hakukupotezei haki yako. Wakikataa bila sababu, hapo ndipo barua ya pili inaweza kutaja kifungu cha 12, kwa adabu, na kuuliza ni kero gani hasa wanayoiona kwenye mchoro wako.

Piga picha kipande kabla ya kujenga, baada ya kujenga, na kila mwezi. Fungua daftari: siku uliyosafisha, siku uliyoona mashimo ya panya, mazungumzo na majirani, kila kuku aliyekufa na sababu. Mali bila daftari huisha bila habari, na utetezi nao ni vivyo hivyo.

Kuku wangapi, banda la namna gani

Anza na watatu. Kuku ni ndege wa kundi, kwa hiyo mmoja haifai, na wawili wakibaki mmoja utaanza upya. Watatu wa aina ya kisasa watakutosha mayai ya nyumbani kuanzia masika hadi vuli. Nunua mitetea wanaokaribia kutaga, wenye umri wa wiki 16 hadi 20, ambao jinsia yao imeshajulikana. Ukinunua mayai ya kuatamisha, tegemea karibu nusu ya vifaranga kuwa majogoo, na kila jogoo ni barua ya malalamiko inayokua manyoya. Njia nyingine ni kuwachukua kuku waliomaliza kazi kwenye mashamba makubwa. Shirika la British Hen Welfare Trust limekuwa likiwatafutia makazi tangu mwaka 2005. Watafika wamenyonyoka, lakini wengi huendelea kutaga.

Ndani ya banda weka fito ya kulalia yenye nafasi ya sentimita 20 kwa kila kuku, na kiota kimoja kwa kuku watatu. Nje, wape angalau mita 2 za mraba kila mmoja. Uzio uwe na paa gumu tangu mwanzo; sababu utaiona kwenye sehemu ya mafua ya ndege.

Usitumie ule wavu mwembamba wa pembe sita. Unazuia kuku kutoka, haumzuii mbweha kuingia, na mbweha wa mijini Uingereza hana haya. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya milimita 13. Uendeleze chini kwa kuulaza nje ya uzio upana wa sentimita 40 hivi, kisha uufunike kwa udongo au vigae vya zege. Mbweha huchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta wavu umelala, hajui kurudi nyuma akaanzie mbali.

Panya: kesi itakayokufikia kwanza

Panya walikuwepo uwanjani kabla yako, kwenye marundo ya mboji na chini ya vibanda vya zana. Haijalishi. Siku kuku wakifika, panya wote wa uwanja wanakuwa wa kwako. Huwezi kushinda ubishi huo kwa maneno, kwa hiyo ushinde kwa vitendo.

Kuku mmoja hula kama gramu 120 za chakula cha kutagia kwa siku. Watatu wanakula gramu 360, na mfuko wa kilo 20 unawatosha siku 55 hivi. Wape kipimo, si mlima. Jioni ondoa chombo cha chakula na ukifungie kwenye pipa la chuma. La plastiki panya hulitoboa. Kipo pia chombo chenye kibao ambacho kuku hukikanyaga ndipo kifunguke. Inua banda sentimita 25 kutoka chini ili nafasi ya chini ionekane na paka au upepo upite. Panya hupenda kujificha palipobana na penye giza. Okota mayai kila siku. Mahindi ya kurusharusha chini yawe kidogo, na mchana tu.

Ukiona shimo jipya, mwambie jirani kabla hajakuambia wewe, na umweleze ulichofanya.

Jogoo aachwe

Kuku hataki jogoo ili atage. Mwezi wa Juni jua la London huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na jogoo hulitangulia. Maafisa wa afya ya mazingira wa halmashauri wana uwezo, chini ya Sheria ya Kulinda Mazingira ya mwaka 1990, wa kutoa amri ya kukomesha kero. Kuipuuza ni kosa la jinai. Ikitokea mtetea wako mmoja akaota kishungi kikubwa na kuanza kuwika, mtafutie shamba la mbali wiki hiyohiyo.

Usajili na mafua ya ndege

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mfugaji wa kuku England na Wales lazima awasajili, hata akiwa na mmoja. Una mwezi mmoja tangu uwapate. Usajili ni bure, na unaandika mahali kuku walipo, yaani uwanjani, si nyumbani kwako. Nakala ya uthibitisho mpe katibu bila kuombwa.

Mafua ya ndege yakizuka, serikali hutangaza kanda za kinga, na wakati mwingine huamuru kuku wote wafungiwe chini ya paa, wasigusane na ndege wa porini. Amri hizo zimewahi kudumu miezi. Mwenye uzio wa wavu mtupu hulazimika kuhangaika na maturubai kwenye mvua ya Novemba. Mwenye paa hufunga mlango tu. Hata bila amri, weka viatu vya bandani peke yake, ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu mlangoni, na maji ya kunywa yasiyofikiwa na ndege wa porini. Kama wengine wawili uwanjani wana kuku, kubalianeni kwamba hakuna anayeingia banda la mwenzake na viatu vyake. Kuku wakifa ghafla wengi kwa pamoja, piga simu kwa wakala wa serikali wa afya ya wanyama siku hiyohiyo. Ni wajibu wa kisheria. Na kuku akifa, usimzike kipandeni: mzoga unapaswa kuchukuliwa na mkusanyaji aliyeidhinishwa, na daktari wa mifugo atakuelekeza.

Ukoko wa ugali, mayai na kisu

Hapa ndipo desturi za kwetu hugongana na sheria za kule. Uingereza ni marufuku kuwalisha kuku mabaki ya jikoni, isipokuwa kama jikoni humo hakiingii kitu chochote cha mnyama, hata maziwa. Jani la sukuma wiki ulilolichuma na kumtupia kuku hapohapo kipandeni ni halali. Jani lilelile ukilipeleka nyumbani, likakaa mezani kwako penye samaki na mayai, kisha ukalirudisha, umevunja sheria. Ukoko wa ugali na wali wa jana vilevile. Marufuku hii ilitokana na magonjwa ya mifugo, hasa janga la miguu na midomo la mwaka 2001, na ni rahisi kwa jirani mwenye kinyongo kuipiga picha.

Mayai ya ziada gawa. Yai la bure ni mjumbe mzuri kuliko barua. Lakini ukibandika bei getini umegusa neno "biashara" la kifungu cha 12, na umeukata mguu wa meza yako mwenyewe.

Kuchinja usifanye uwanjani. Kanuni nyingi za viwanja zinakataza, na zaidi ya hapo, kuchinja bila kumzimisha mnyama fahamu kwanza kunaruhusiwa kwenye machinjio yaliyoidhinishwa tu. Anayetaka kuku wa sikukuu aende kwa mchinjaji wa halali.

Nani atafungua asubuhi?

Kuku wa nyumbani unawasikia ukiwa jikoni. Hawa wako mbali, nyuma ya geti lenye kufuli, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inakutaka uwatimizie mahitaji yao kila siku, theluji ikianguka au isianguke. Mwezi wa Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Kama unatoka kazini saa kumi na moja, mbweha amekutangulia saa nzima. Mlango wa banda unaojifunga wenyewe kwa mwanga husaidia, lakini hauangalii maji yaliyoganda. Tafuta mwenza mmoja uwanjani, gawaneni siku, na gawaneni mayai. Mwenza huyo pia ni shahidi na mtetezi wako kwenye kikao.

Ugomvi ukianza

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kama wewe ndiye mgeni uwanjani, utaangaliwa zaidi, ni haki au si haki. Usijibu malalamiko kwa hasira wala kwenye kundi la WhatsApp la uwanja. Fuata ngazi.

Kwanza, nenda kaone kinacholalamikiwa pamoja na mlalamikaji. Harufu ipo au haipo. Kinyesi kimelowa au kimekauka. Kama ana haki, rekebisha ndani ya wiki na umwonyeshe. Kinyesi kilichochanganywa na maranda na kuwekwa kwenye boksi la mboji lenye mfuniko kwa miezi kadhaa huwa mbolea ambayo mlalamikaji mwenyewe huenda akaiomba.

Pili, kamati ikikuandikia, jibu kwa maandishi ndani ya muda waliotoa. Uliza ni kanuni ipi na ni tukio lipi, la tarehe gani. Ambatisha kurasa za daftari na picha. Ukiona masharti yanakubana wewe tu ilhali mwenzako ana kuku sita na jogoo juu, dai kanuni moja kwa wote. Kama kiini chake ni asili au dini yako, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaihusu halmashauri, na inavihusu pia vyama vyenye wanachama 25 au zaidi.

Tatu, tafuta ushauri. Jumuiya ya kitaifa ya wakulima wa bustani za kukodi, National Allotment Society, huwapa wanachama wake msaada wa kisheria. Huenda chama chenu tayari ni mwanachama. Kwa uwanja wa halmashauri ya wilaya au jiji, pitia utaratibu wao wa malalamiko hadi mwisho, kisha unaweza kwenda kwa mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa.

Nne, notisi ikifika, usiwaondoe kuku kwa hofu wala usiichane. Soma imejengwa juu ya nini: kodi, kilimo, kero, au marufuku ya kuku. Peleka kwa mshauri wa sheria kabla muda haujaisha. Endelea kulipa kodi na kulima kipande chote, maana kosa jipya wakati wa mgogoro hufuta hoja nzuri ya zamani.

Kabla ya kutoa pesa kwa ajili ya kuku wa kwanza, hakikisha una vitu vinne mkononi: karatasi zote tatu umezisoma, jibu la katibu lipo kwa maandishi, uzio una paa, na jina la mtu wa pili wa kufungua banda limekubaliwa. Kikikosekana kimoja, panda maharage msimu huu na uendelee kulishughulikia pengo hilo. Mitetea wanauzwa tena mwakani. Kipande kikishachukuliwa, foleni ya kupata kingine inaweza kuwa ya miaka.